Upande Mwekundu

Koki ya zamani ilianza kudondosha tangu Pasaka.
Si kwa fujo. Tone, kimya, tone,
kama mtu anayekumbuka jambo na kulisahau.
Nikaitegea bakuli la bati, sauti ikazidi.
Nikaifunga kitambaa, kikaota ukungu.
Fundi Asajile alikuja mara mbili:
ya kwanza akaitazama,
ya pili akanywa chai.

Jumamosi moja ya Julai, Loleza haujavua blanketi,
nikashuka Mwanjelwa, dukani kwa Chaula.
"Chukua hii ya miguu miwili," akasema,
"bluu baridi, nyekundu moto."
Nikamwambia kwetu Isanga bomba ni moja,
na maji yake yanafika kama yalivyozaliwa mlimani.
Akacheka. Akanipimia kiungo cha T,
mipira miwili iliyosukwa kwa waya,
tepu nyeupe ya shilingi mia tano.
"Ipe miguu yote maji yale yale.
Koki haina haja ya kujua."

Mama alinikuta nimelala chali chini ya sinki,
miguu yangu nje, kichwa kabatini,
Ipyana ananimulika kwa simu.
Akauliza kwa Kinyakyusa nani amekufa.

Nilikuwa nimefunga maji kwenye sanduku la mita.
Tangi la juu ya paa halikuambiwa.
Nati ilipoachia,
baridi yote ya usiku
iliingia mkononi mwa sweta ikatokea ubavuni,
nami nikatamka neno
ambalo mtoto wa miaka tisa hapaswi kulijua.
Alilijua.

Spana niliyoazima ni ile wanayoiita malaya:
inakubali kila nati,
haishiki hata moja.
Nikaifunga kamba, nikaibembeleza, ikakubali kuoa.

Koki kuukuu nikaifungua mezani, penye cherehani.
Nilitegemea kukuta ubaya wa kutosha,
kitu cha kulingana na usiku wote ule.
Palikuwa na washa ya mpira iliyolika,
ndogo kuliko kifungo cha mkono wa shati.

Tepu haikunishinda. Uzi naujua.
Unazungusha kufuata nati inakoelekea, mara saba,
unaivuta kidogo kama unajaza bobini;
ukienda kinyume, nati ikiingia inaufumua wote.
Mpira wa kwanza, mpira wa pili,
kwa vidole mpaka vidole vigome,
kisha robo mzunguko tu.
Robo. Chaula aliapa kwa jina la mama yake:
ukizidisha, unakata kilichomo ndani, halafu utalia.

Tukatandika gazeti, ukurasa wa mpira wa miguu.
Likilowa tutajua.
Ipyana akafungulia maji, akarudi akikimbia,
tukachuchumaa wote watatu, hata Mama na goti lake,
tukilikodolea macho gazeti la wiki iliyopita.
Nusu saa. Tone moja,
juu ya paji la golikipa.
Nikakaza kwa unywele. Likakauka.

Mama ndiye aliyenawa kwanza.
Akaiacha bluu, akafungua nyekundu,
akauweka mkono pale, akatulia,
kama mtu anayesikiliza habari ya redio.
Sikumwambia lolote kuhusu T.
"Hii ina nafuu," akasema.
Ipyana akafumbua mdomo. Nikamkanyaga.

Siku hizi wageni wakija huwaelekeza mwenyewe:
si huko, huko baridi, fungua hapa.
Nao hunawa, meno yakigongana,
husema ndiyo, Mama, kweli.

Leo saa kumi na moja alfajiri
umande umeganda kwenye kamba ya nguo.
Sikuwasha taa.
Nimenawa uso kwa bluu,
nikasikiliza kama kuna aliyeamka,
kisha nikafungua nyekundu.